Walioomba Dawa Ipatikane

Ndugu zangu, wekeni Biblia pembeni kidogo, nitawarudisha huko.

Alikuwepo mama mmoja kule Rungwe, Tusekile, mama Lusajo. Alikuwa ameishi na virusi vya UKIMWI miaka tisa. Dawa anameza, afya anayo, chai anachuma kama wenzake. Siku moja daktari wa kliniki akamwita.

"Mama, tunatafuta watu kumi na wawili. Tumechanganya dawa mpya tatu. Zile unazomeza huvilaza virusi. Hizi tunataka kuona kama zikiungana zitavifukua kule vinakojificha na kuvimaliza."

"Na zisipoweza?"

"Tutakuwa tumejua, tutajaribu mchanganyiko mwingine. Ila zile za zamani utaziacha, na hizi umeze zote, kila siku."

Akatia sahihi. Mnadhani kwa ajili yake? Alisema, "Wanangu wasije wakapanga foleni hii."

Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, mkusanya sadaka. Alikuwa anakonda, anakohoa, na alijua fika ni nini kinamla. Kliniki hakukanyaga.

"Baba Lusajo, twende. Nitakushika mkono."

"Ninyi wanawake mkienda kliniki hakuna anayeuliza. Mimi nionekane pale barazani? Umesahau chapati za mwalimu wa kwaya? Watu walipojua tu kwamba anameza dawa, alileta chapati kwenye chai ya kanisa zikapoa kwenye beseni."

"Mimi nilikula."

"Ulikula peke yako. Hata mimi mumeo sikuzigusa."

Mume anakauka mbele ya macho yako, na kopo la dawa liko kabatini. Wewe ungefanya nini? Tusekile akagawa. Leo anameza yeye, kesho anampa mumewe.

Mwezi wa nne daktari akapima damu. "Mama, dawa mwilini ni nusu tu. Unameza zote?"

"Zote, daktari."

Daktari hakugomba. Aliinamisha kichwa, akasema, "Wenzako watatu wenye damu kama yako nao wameniambia hivyohivyo."

Wanne kati ya kumi na wawili! Jaribio likasimamishwa. Mpaka leo hakuna ajuaye kama mchanganyiko ule unaponya au hauponyi. Na virusi, kwa kuonjeshwa dawa nusunusu, vikawa sugu. Hata zile dawa za zamani, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na hizi mpya, zikakataa kumsaidia Tusekile. Mumewe alizikwa mwezi wa nane. Kwaya iliimba vizuri sana. Wakasema ni mapafu.

Sasa sikilizeni. Kila Jumapili, miezi yote hiyo, kanisa lile lilikuwa linaomba: "Bwana, wape madaktari hekima, dawa ipatikane." Waliomba kwa machozi. Huenda Mungu aliwajibu. Huenda jibu lilikuwa ndani ya kopo lile, kabatini kwa mzee wao. Hawatajua kamwe.

Nani aliiharibu dawa ile? Tusekile? Alidanganya, ndiyo, na mimi sina mdomo wa kumhukumu. Mumewe? Alikuwa mwoga. Lakini alimwogopa nani? Sindano hakuiogopa. Daktari hakumwogopa. Aliwaogopa watu wa benchi lake, waliomwita ndugu, waliompa mkono wa amani kila wiki.

Mnatikisa vichwa, kana kwamba Rungwe ni mbali. Humu ndani yupo mtu anayepanda basi mpaka wilaya nyingine kuchukua dawa zake, ili sisi tusimwone. Nilikutana naye huko kwa bahati. Aliponiona aliificha bahasha ndani ya khanga. Mimi mchungaji wake! Nikajifanya sikumwona, nikapita, nikajiita mwenye busara.

Basi leo mnisamehe, ile sala ya kuwaombea madaktari hekima sitaiongoza. Hekima wanayo. Simameni. Tuanze na toba, na mimi nitakuwa wa kwanza.