Mpira Uliosogezwa kwa Kiatu

Sogeeni karibu, lakini majibu yaacheni mfukoni kwanza. Kisa hiki humwaibisha anayekimbilia kujibu.

Huko juu kwenye mashamba ya chai palikuwa na klabu ya gofu, na katika klabu hiyo Mwalimu Amakobe alifunza vijana watatu. Jelagat alikuwa na mikono: akipiga mpira, wazee waliacha chai yao ipoe wakitafuta ulikoangukia. Simiyu alijua kuutoa mpira mahali pabaya, kwani alijifunzia nje ya ua wa klabu, kwenye nyasi ndefu, kwa fimbo ya mpera. Mwende alikuwa na macho: aliinama, akautazama mteremko, na mpira ukaenda shimoni kama kuku anayerudi bandani.

Siku ya fainali kila timu ilicheza kwa mpira mmoja, wachezaji wakipiga kwa zamu, na wenye mapigo machache zaidi ndio washindi. Klabu iliahidi kumsomesha chuo kikuu mmoja tu wa timu itakayoshinda, na mwalimu wao ndiye angemtaja. Simiyu alikuwa amemaliza shule na sasa alichuma chai na mama yake. Aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukamhama.

Kwenye shimo la mwisho Jelagat akachomoa fimbo kubwa.

"Dada, chukua ndogo," Simiyu akamsihi. "Upepo unavuta kulia."

"Niachie. Si nimewabeba tangu asubuhi?"

Na kweli alikuwa amewabeba. Akapiga, mpira ukapinda, ukazama vichakani.

Simiyu aliukuta umebanwa na mzizi. Mwamuzi hakuwapo, maana katika gofu mchezaji hujiamulia mwenyewe. Akatazama nyuma, akausogeza kwa ncha ya kiatu, upana wa kiganja tu. Kisha akapiga pigo zuri kuliko yote aliyowahi kupiga. Mpira ukatua karibu na shimo, na Mwende akaumalizia.

Watu wakashangilia. Sasa, desturi ya mchezo huu ni kwamba mkimaliza mnavua kofia, mnapeana mikono, mnatazamana machoni. Kijana wa timu waliyocheza nayo akaja, kofia kifuani.

"Umecheza kiungwana, kaka."

Simiyu akashindwa kuvua yake. Uso umeumbwa na haya, na wake uliwaka moto. Aliuonea aibu mkono ule uliomngoja, akamwonea aibu zaidi mama yake aliyekuwa akipiga vigelegele nyuma ya kamba.

"Mwalimu," akasema, "niliusogeza mpira kwa kiatu."

Vigelegele vikakatika. Wakaongezewa mapigo mawili ya adhabu papo hapo, na timu moja ya kutisha ilikuwa bado uwanjani.

Mwende akainamisha kichwa. "Nilikuona."

"Mbona ukanyamaza?"

"Hata mimi nataka kusoma, Simiyu. Nikajiambia mkosaji ni wewe, si mimi."

"Na aliyeupeleka kichakani ni mimi," Jelagat akasema. "Niliambiwa, nikakaidi."

Wakakaa kwenye nyasi bila kutazamana, mpaka timu ile ya mwisho ikamaliza. Nayo ilikuwa imeboronga. Watatu wetu wakashinda kwa pigo moja.

Simiyu hakuruka. Kanuni ilimruhusu kuutoa mpira pale mzizini waziwazi, kwa adhabu ya pigo moja tu, na bado wangeshinda. Aliiba kitu kilichokuwa chake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mwalimu Amakobe akasimama mbele ya watu kutaja jina. Bila mikono ya Jelagat wasingeongoza, bila Simiyu wangebaki vichakani, na bila Mwende mpira usingeingia. Kiburi ni cha mmoja, kiatu ni cha mwingine, kimya ni cha wa tatu. Ndipo Simiyu akavua kofia, akaibana kifuani, akiomba jina lake lisitajwe, na akiomba litajwe.

Haya, toeni sasa yale majibu mfukoni. Ungekuwa wewe ndiye Mwalimu Amakobe, ungemtaja nani, na ungempa mkono ukimtazama machoni?