Ganzi ya Mtu Mmoja

Usiniamini, uone kama nitalia. Shule niliikimbia darasa la tano, lakini fumbo hili hata mwalimu mkuu litamtoa jasho.

Hapo zamani, mto ulipofurika, tabibu wa macho aliingia kijijini kwetu akiwa mgongoni mwa Lusajo. Alitibu vipofu mpaka jioni, kisha akasema, "Dawa ya ganzi ya kupasulia macho imebaki ya mtu mmoja, na kesho naondoka. Chagueni nyinyi."

Sasa, kwetu mgonjwa hajiombei, ni aibu. Husemewa na nduguye.

Akasimama Lusajo kumsemea mama yake, aliyekanyaga moto juzi akidhani ni kizingiti. "Tabibu huyu kavuka kwa mgongo wangu. Bila mgongo huu, mngemsikia redioni tu."

Tukacheka. Hakuwa mwongo.

Akasimama Mzee Ambokile kumsemea binti yake Tumpe. "Wenzangu mmeona mengi, mpaka mnasimulia na msiyoyaona. Binti yangu amejifungua, na mwanawe anamjua kwa kumpapasa."

Hatukucheka. Naye hakuwa mwongo.

Akasimama Asegelile kumsemea mkewe, mkunga. "Nani hapa hakupokelewa na mikono yake? Akiona yeye, kimeona kijiji. Hata huyo mjukuu wako, Mzee, kapokelewa gizani."

Lusajo akamtafutia kosa, asilione. Akamtazama Tumpe na kichanga chake, akatamani asingemtazama. Mama yake akamvuta shati. "Kaa, baba. Umenitangaza vya kutosha." Hakukaa. Lakini mgongo aliokuwa akijivunia ulikuwa umeshamnywea.

Je, ganzi ile ilikuwa haki ya nani? Semeni. Mbona mnatazamana kama kuku wageni?

Haya, ngojeni kwanza. Kuna kipande nimekiruka.

Palikuwa na bibi mmoja kipofu, Sekela, kakaa ubavuni mwangu. Alifika kabla ya wote, na hana ndugu hata mmoja. Kila sauti mpya iliposikika aligeuza uso, akidhani sasa anasemewa yeye. Mwisho akanigusa goti. "Mjukuu wangu, wamefika kwangu?"

Na mimi, na mdomo wangu huu mnaoujua, nikamwambia, "Bado, Bibi."

Akashukuru, akaendelea kungoja.

Basi pimeni upya, na yeye mkimtia. Nani alistahili? Na mdomo wa nani ulikuwa wa kumsemea?