Msumari wa Kisu cha Semboja

"Usisifu makali, hujaona msumari." Ndivyo wasemavyo watu wa huku kwetu, na ndivyo Tuwa alivyomwambia Kihiyo sasa hivi, nyote mkacheka, kisha mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu. Ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba sokoni amesikia vingine.

Wekeni miche chini kwanza. Na wewe Kihiyo, kifunge hicho kisu chako kipya, huwezi kunisikiliza huku unakichezea.

Nilikuwa na kaka, marehemu Semboja, fundi wa kubebesha michungwa. Kazi yenyewe mnaijua, ndiyo mliyokuja kujifunza hapa kitaluni: unatoa jicho la mchungwa mtamu, unalipachika ndani ya ganda la mche wa mlimau, unafunga kwa utepe wa nailoni, unasubiri wiki tatu. Kaka alibebesha miche mia kwa siku, na karibu yote ikashika. Hapa Muheza hakukuwa na shamba ambalo mkono wake haukupita. Alikuwa hodari, na tatizo lake ni kwamba alijua kuwa ni hodari.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilishona magauni na sare za shule, na mambo ya visu sikuwa nayo.

Siku hizo wanaume wa huku walikuwa na mtindo wao wa kununua kisu cha kukunja. Visu vyenyewe vilikuwa vya bei poa, vinauzwa gulioni kila Jumatano, vimetandazwa juu ya turubai la mchuuzi mmoja aliyeitwa Bakosi. Bei ilikuwa moja kwa vyote. Mwanaume akifika, anachagua kimoja, anakifungua, anakunja shati, ananyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto. Vikitoka safi, kisu kizuri. Visipotoka, kisu kibaya. Hakuna kipimo kingine. Ilifika mahali mwanaume mwenye vinyweleo mkono wa kushoto alionekana hajui kitu. Kaka yangu mkono wake ulikuwa mweupe kama kiganja, na akipita gulioni aliutanguliza.

Sasa nyumbani kwa Mama kulikuwa na mchungwa mmoja, uliopandwa na babu yetu. Ganda lake jembamba, mbegu mbili tatu tu, na utamu wake sijaukuta kwingine. Ulikuwa peke yake. Kaka alibebeshea dunia nzima, lakini mti wa mama yake hakuwahi kuutolea hata mche mmoja. Kila mwaka alisema, "Masika ijayo, Mama." Mganga hajigangi.

Masika ikaja moja iliyozidi. Mto ulijaa ukapita juu ya daraja, na kaka alipokuwa anavuka kurudi nyumbani, maji yakamnyang'anya mfuko wake na kisu chake cha miaka mingi kikiwa ndani. Wiki haikwisha. Jumanne asubuhi tukaamka, tukaukuta mchungwa wa Mama umelala chini, mizizi imeoza, inatazama juu.

Mama hakupiga kelele. Alitoka na kibao chake cha kukalia, akakaa kando ya shina, akaweka mkono juu ya ganda. Alisema, "Baba yangu ndiyo kwanza amekufa leo." Nilimtazama kaka, naye alitazama pembeni.

Tukakata vijiti vyenye macho, tukavifunga kwenye gunia bichi. Mnajua wenyewe, kijiti kikishakatwa hakingoji. Siku mbili, tatu kwa bahati, macho yanakauka. Mafundi wengine walikuwa ng'ambo ya mto na daraja halipitiki. Ikabidi kaka apate kisu, abebeshe kabla Jumatano haijaisha. Akikosea, mbegu ya babu imekwisha duniani.

Asubuhi yake tukaenda gulioni pamoja. Kaka akachutama mbele ya turubai la Bakosi. Watu wakasogea, maana fundi Semboja akinunua kisu ni somo. Akajaribu cha kwanza, akakitupa. Akajaribu cha pili. Cha tatu kilikuwa kinang'aa mpaka unajiona, mpini wa rangi nyekundu. Akakipitisha mkononi, vinyweleo vichache alivyokuwa amebakiza vikaanguka vyote.

"Hiki ndicho kisu," akasema.

Nami nikataka kimoja cha kukatia bamia na kufumulia pindo. Nikachutama upande wa pili. Bakosi akanipa kimoja, akaniambia, "Jaribu, dada."

"Nijaribie wapi? Mimi mkono wangu hauna kitu."

Wanaume wakacheka sana. Nikabaki na visu mbele yangu, sijui nifanye nini. Basi nikafanya ninachokijua. Mkasi wa fundi cherehani, kitu cha kwanza kutazama ni ule msumari wa katikati. Ukilegea, hata uunoe vipi, mkasi unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Kisu cha kukunja nacho kina msumari wake, unaoshika bapa na mpini, kwa hiyo nikafungua kisu, nikashika mpini mkono huu, bapa mkono huu, nikakitikisa. Kikacheza. Nikachukua kingine, nikakitikisa karibu na sikio. Kikalia kacha, kacha. Nikachukua kingine tena, nikakiinua juani, nikaona mwanga unapita kati ya bapa na mpini. Sikukitaka. Karibu na mwisho nikapata kimoja kibaya cha sura, mpini wa mbao umepasuka kidogo, makali yake butu. Lakini nilipokitikisa kilinyamaza. Nilipokifungua springi yake ilinibishia, na kilipofika mwisho kikasema ta! kikasimama.

"Dada, hicho hakikati," Bakosi akaniambia, kwa kunihurumia.

Kaka akageuka. "Mwanamvua, unanunua kisu au unanunua kelele?"

"Makali nitayatia nyumbani kwa kinoo," nikamjibu. "Msumari nitautia kwa nini?"

Wakacheka tena. Nikachukua kisu changu, kwa bei ileile aliyotoa kaka, tukarudi.

Adhuhuri kaka akaanza kazi. Miche ya milimau ilikuwa imesimama kwenye mifuko yake kando ya jiko, Mama kwenye kibao, mimi nakata tepe za nailoni. Mche wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona kitu ambacho sikukipenda. Mkono wa kaka ulikuwa uleule, lakini bapa lilikuwa linayumba kabla halijaingia kwenye ganda. Mkato ukawa mpana. Jicho likakaa ndani yake kama mtoto ndani ya koti la baba yake.

"Kaka, kisu kinacheza."

"Kinachocheza ni macho yako. Lete utepe."

Nikanyamaza. Ndilo kosa langu katika habari hii, nami nalisema. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye fundi.

Alipofika mche wa kumi na mbili, ganda lilikuwa gumu. Akalisukuma kwa ncha ili liinuke. Kisu kikajikunja. Kilijifunga chenyewe, na yale makali mazuri yaliyosifiwa na gulio zima yakafungia kwenye kidole chake cha shahada.

Sitawaelezea damu. Nilichana kitenge, nikamfunga. Kidole kilikuwa kimenyooka, hakikunjiki. Kaka alijaribu kushika kisu kwa mkono wa pili, kikamwanguka. Akajaribu tena. Kisha akakaa chini kwenye matope, akalia. Mtu mzima yule, mbele ya mama yake. Hakulia kwa sababu ya kidole.

"Nimemuua babu yangu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tano ya kuubebesha mti wake, Mama. Miaka kumi na tano."

Mama akamwambia, "Mwanangu, mti una macho mengi. Wewe ni mmoja. Nyamaza."

Lakini aliposema hivyo alikuwa analitazama lile gunia. Niliona, na kaka aliona.

Halafu kaka akafuta uso kwa bega, akaniuliza, "Kile kisu chako cha bamia kiko wapi?"

"Butu."

"Kinoo kiko nyuma ya pipa."

"Kaka, mimi sijawahi kubebesha hata mchicha."

"Unafumua pindo bila kutoboa gauni?"

"Kila siku."

"Basi. Ganda ni pindo, mti ni gauni. Fumua, usitoboe."

Nikanoa. Kinoo kilichukua muda mrefu, na muda wote huo jua lilikuwa linakwenda. Kisha nikapiga magoti mbele ya mche wa kwanza. Kaka alikaa nyuma ya bega langu, mkono wake umefungwa, akinielekeza. Kata chini. Kata juu. Geuza kisu, inua. Usilishike jicho kwa vidole, vina chumvi ya jasho. Lisukume liingie. Funga, usikaze sana. Mche wa kwanza nilikata kwa kusitasita. Wa tano nikatulia. Kisu kile kibaya cha sura kilikwenda nilikokituma na kilisimama nilikokisimamisha. Hakikuyumba hata mara moja. Jua lilipogusa mlima nilikuwa nimemaliza miche arobaini na tatu, na gunia limekwisha.

Wiki tatu zilizofuata, msinikumbushe. Kila asubuhi Mama alizunguka mifuko ile, hagusi. Siku ya kufungua, kaka alisema tuanze na ile kumi na moja ya kwake. Nikafungua utepe mmoja mmoja. Macho yote yalikuwa meusi, makavu, yanadondoka kwa kuguswa tu. Kumi na moja, hakuna hata moja. Kaka aliyatazama yote, hakuruka lolote.

Tukaja kwa yangu. La kwanza jeusi. La pili jeusi. La tatu nikafungua, nikaona kijani. Nikamvuta Mama mkono, nikaweka kidole chake pale. Macho yalikuwa yameshika kumi na tisa kati ya arobaini na tatu. Fundi halisi angeona aibu. Mimi sijawahi kupata furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo.

Kidole cha kaka kilipona lakini hakikukunjika tena. Ilipita miezi kabla hajarudi gulioni. Siku aliyorudi watu wakamzunguka kama zamani. Bakosi akamchagulia kisu kinachong'aa kuliko vyote, akampa. Wote wakawa wanangoja akunje shati.

Kaka alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Nilimwona, nilikuwa nyuma yake. Alikifunga kifungo cha mkono wa kushoto, pole pole, kwa kile kidole kisichokunjika. Kisha akafungua kisu, akakitikisa karibu na sikio. Akakirudisha. Akachukua kingine, akakiinua juani. Akakirudisha. Aliendelea hivyo, watu wakaanza kuchoka, mpaka akapata kimoja butu, cha hovyo kwa sura, kilichosema ta!

"Fundi," mtu mmoja akamwambia, "hicho hakikati hata ugali wa moto!"

Kaka akanyanyua mkono wa kulia, kidole kimenyooka peke yake, kila mtu akakiona.

"Usisifu makali," akasema, "hujaona msumari."

Hakucheka mtu. Jumatano iliyofuata ungewakuta wanaume wazima wamechutama mbele ya turubai, visu masikioni, kama watu wanaochagua nazi. Na Bakosi msimseme vibaya, hakuwa tapeli. Tulipokuwa tunatazama makali, alinoa makali. Tulipoanza kutazama misumari, akanunua nyundo, akawa anaigongelea misumari nyumbani kabla hajaja kuuza. Bei haikupanda.

Methali haikukaa kwenye visu, ikahamia kwa watu. Mchumba akija na maneno matamu, wazee wanaulizana kama msumari wake umeonekana. Na mwanasiasa akija, mnajua wenyewe.

Mama aliishi kuuona mwaka wa tatu. Nilimpelekea chungwa la kwanza, nikalimenya kwa kisu kilekile. Akala kipande, akakitafuna muda mrefu. Nikaogopa labda utamu si wenyewe. Kisha akaniambia, "Mwanamvua, menya la pili, na mpelekee kaka yako."

Haya. Sasa Kihiyo, fungua hicho kisu chako. Usininyooshee mkono wako ulionyolewa, nimeshauona tangu asubuhi. Kitikise karibu na sikio.

Mmesikia nyote? Kacha, kacha.

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Aliyekuwa fundi kuliko mafundi alikosea hapohapo. Kipeleke ukakatie kamba. Leo tumia hiki changu, mpini umepasuka zaidi lakini kinasema ta! kama siku ile. Na kishike vizuri, kwa sababu hivyo vijiti vilivyo kwenye gunia lako nimevikata asubuhi kwenye mti ule wa tatu kutoka uzioni, na ule ni mjukuu wa mchungwa wa Mama. Piga goti. Ganda ni pindo, mti ni gauni. Na ukirudi gulioni Jumatano, kumbuka alivyosema Semboja: usisifu makali, hujaona msumari.