Manyoya ya Mwanjaa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa msitu wa mlimani, wenye baridi na ukungu, na kila mti una mwenyewe.

Basi tegeni masikio. Na mwenye jambo zito kifuani asikilize mara mbili.

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado haijapewa majina, palikuwa na kundi la mbega. Ndani ya kundi hilo alikuwemo mbega jike, jina lake Mwanjaa. Alikuwa mzuri, mzuri hasa. Manyoya yake meusi yalimeremeta, na yale meupe ya mabegani yalimshuka kama shali ya bibi harusi. Akiruka kutoka mti hadi mti, ndege waliacha kuimba wakamtazama.

Kazi yake ilikuwa kulinda. Wenzake wakila, yeye hukaa kileleni akiangalia mbingu. Kwa nini mbingu? Kwa sababu huko ndiko alikotoka Tai, na Tai hali majani.

Siku moja, wenzake wakiwa wanakula, Mwanjaa akaona kuyu limeiva, jekundu, karibu na mkono wake. Akalitazama. Akalichuma. Akalila. Muda wa kula kuyu moja tu, Tai akashuka, vuuu! Akamnyakua mtoto wa Sauda. Na Sauda ni mdogo wake Mwanjaa, wa tumbo moja.

Msitu mzima ulilia. Hakuna aliyemlaumu Mwanjaa. Walisema, "Tai ni mwepesi. Angemshinda yeyote." Lakini Mwanjaa alijua habari ya lile kuyu. Akalimeza neno hilo, akalifungia ndani, akajiapiza: "Sitalala tena. Sitampa mtu zamu yangu. Macho yangu hayataondoka mbinguni."

Na kweli hakulala. Jua likichomoza lilimkuta kileleni, likizama lilimwacha kileleni. Akiletewa majani mabichi husema, "Nimeshiba," naye hajaonja kitu.

Mwezi wa kwanza, macho yakaingia ndani. Mwezi wa pili, manyoya meupe yakageuka rangi ya nyasi kavu. Mwezi wa tatu yakaanza kunyonyoka. Akijikuna, shada zima hubaki mkononi. Mabega yakawa wazi, ngozi ikatoka vipele. Mwanjaa aliyetazamwa na ndege sasa alijificha nyuma ya majani.

Kindi akamwambia, "Shoga, jipake mafuta ya mbarika." Akajipaka. Siku ya kwanza manyoya yaling'aa, siku ya pili yakanyonyoka.

Hondohondo akamwambia, "Shoga, jifunike zile ndevu nyeupe za kuvu zinazoning'inia mitini." Akajifunika. Upepo ukavuma, ndevu zikapeperuka, watoto wakacheka. Mama zao wakawafinya wanyamaze.

Siku ya tatu baada ya hapo, Mwanjaa akaona kivuli. Akapiga kelele, "Tai! Tai!" Kundi likatimka ovyo, na shangazi yao mzee akaanguka akavunjika mkono. Kumbe lilikuwa jani kubwa limepeperushwa na upepo. Macho yasiyolala huona yasiyokuwepo.

Wenzake wakanung'unika. "Huyu atatuua kwa hofu kabla Tai hajatuua." Mwingine akasema, "Akiita tena, mimi sikimbii." Hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa maana Tai alikuwa bado yupo.

Ndipo Sauda akapanda hadi kileleni. Tangu mwanawe achukuliwe, ndugu hawa wawili walikuwa hawajakaa pamoja. Akaketi nyuma ya dada yake, akaanza kumchambua yale manyoya machache yaliyobaki, polepole, kama walivyofanyiana utotoni.

"Dada, umelala lini?"

Mwanjaa macho mbinguni.

"Dada, umekula lini?"

Mwanjaa macho mbinguni.

"Dada, una nini moyoni?"

Hapo macho ya Mwanjaa yakaondoka mbinguni. "Sauda, siku ile nilikuwa nakula kuyu."

Mkono wa Sauda ukasimama. Akasema, "Najua. Nilikuona."

"Ulijua, na hukusema?"

"Nilikasirika, dada, nikawa siwezi hata kukutazama. Nikasema moyoni, akauke tu. Sasa unakauka kweli, na mimi sijapona. Mwanangu harudi. Nikupoteze na wewe?"

Wakalia. Walilia kile kilio ambacho siku ya msiba hawakukilia pamoja. Kisha mkono wa Sauda ukaendelea kuchambua.

Walipomaliza, Sauda akashuka akawaambia wenzake, "Macho ya mtu mmoja hayatoshi mbingu nzima. Tushike zamu: mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja jioni." Wakakubali. Zamu ya mchana akaichukua mwenyewe. Akamlisha dada yake majani laini, akamlaza kwenye panda ya mti.

"Nikilala, na Tai akija?"

"Akija, nipo."

Siku ya kwanza Mwanjaa alilala jicho moja wazi. Siku ya pili alishtuka mara tatu. Siku ya tatu akalala fofofo, na siku hiyo hiyo Tai akaja. Sauda akapiga ukelele. Kundi likajichimbia kwenye majani mazito, Tai akazunguka, akazunguka, akazunguka, akaenda zake na njaa yake.

Mwanjaa akaamka. "Kuna nini?"

"Tai alikuja. Ameondoka."

"Kamchukua nani?"

"Hakuna."

Akawahesabu mmoja mmoja, mara mbili. Wote walikuwepo. "Nami nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa unakoroma."

Mwanjaa akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya msiba.

Manyoya hayakurudi kwa siku moja. Masika yalipokwisha, weupe ulikuwa umefunika mabega yake, isipokuwa kipande kimoja cha bega la kushoto, ambacho hakikuota tena. Hakukifunika. Na kila walipokwisha kula, yeye na Sauda waliketi kuchambuana, wakimtaja yule mtoto kwa jina lake.

Enyi wasikilizaji, mficha maradhi kilio humfichua. Uchungu ukinyimwa mdomo hutokea ngozini, na hakuna mafuta yatakayouficha. Ukimwona mwenzako ananyauka, usimcheke, kaa karibu naye umuulize. Na wewe unayenyauka, sema, kula, lala, mpe mwenzako zamu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, aliyeichoka aiache hapa mekoni, ipoe pamoja na majivu.