Boksi Lililopasuliwa Bure

"Anza ukutani, ndipo uingie tumboni."

Mmemsikia mwenyekiti akiwaambia hivyo majirani waliogombania mbuzi aliyepotea, nanyi mkabaki kuulizana: ukuta gani, na tumbo la nani? Tulieni basi. Maneno haya yalizaliwa katika duka la Kokubelwa la kuchapa na kutoa nakala, kule milimani Kamachumu.

Asubuhi hiyo radi ilikuwa imenguruma, mvua ikanyesha kidogo, ikapita. Asimwe, mchapaji wake wa miaka mingi, aliingia akikung'uta mwavuli, akabonyeza kitufe cha kompyuta. Kimya. Akabonyeza tena. Hata kile kitaa cha mbele hakikuwaka.

Kokubelwa akatazama saa. Kabla ya saa sita wafiwa wangekuja kuchukua ratiba za mazishi ya baba yao, na zote zilikuwa humo ndani. Akaenda mlangoni, akarudi. Akanyanyua nyaya, akaziachia. Akatazama juu: taa ya darini inawaka. Umeme upo. Basi kosa ni la mtu.

Macho yake yakatua kwenye alama ya kikombe mezani.

"Jana ulikunywa chai hapa."

"Nilikunywa, dada. Sikumwaga."

"Mashine haijifii yenyewe, Asimwe."

"Nami sikuiua."

"Unanijibu! Watu wanazika leo, wewe unanijibu! Nenda nyumbani. Ukihitajika utaitwa."

Asimwe akachukua kikapu chake, akatoka. Kila mtu pale alijua maana ya "utaitwa": huitwi.

Fundi wa kompyuta, Mutalemwa, alipoitwa akafika, aliuliza, "Isije ikawa radi?"

"Radi gani inaua kompyuta na kuacha taa? Ni chai. Fungua!"

Fundi akafungua boksi la kompyuta kama alivyoamriwa. Akachomoa hiki, akafuta kile, akapuliza vumbi, akanusa.

"Mama, chai siioni."

"Tafuta vizuri!" Kokubelwa alikuwa akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Matumbo ya kompyuta yalikuwa yametapakaa mezani wakati simu ya fundi ilipoanza kulia ikitaka chaji. Akainama nyuma ya kabati, akachomeka chaja kando ya waya wa kompyuta. Simu haikuingiza chaji. Akachungulia swichi ya soketi zote mbili: imezimwa.

"Mama, hapa ukutani nani kazima?"

Kokubelwa alitaka kusema Asimwe. Akaikumbuka radi ya asubuhi. Kule milimani mtoto hufundishwa mapema: ngurumo ikilia, zima kila kitu. Mkono huzoea, ukazima wenyewe kama unavyofukuza nzi, na mwenye mkono asiwe na habari. Na asubuhi ile radi iliponguruma, Asimwe alikuwa hajafika. Nani mwingine alikuwemo dukani?

Hakungoja boksi lifungwe. Alimkuta Asimwe uani kwake anamenya ndizi. Kisu hakikusimama.

"Mashine imepona?"

"Haikuwa inaumwa. Swichi niliizima mwenyewe, radi ilipolia. Nisamehe, mdogo wangu. Rudi."

"Kompyuta mmeipasua, mmekuta hamna kitu, mtaifunga kwa skrubu," Asimwe alisema. "Mimi utanifunga kwa nini?"

 Kokubelwa akaketi chini, akatafuta kisu kingine, akaanza kumenya. Muda ulikuwa unamkimbia, lakini hakuthubutu kusema.

Mwishowe Asimwe akanawa mikono. "Twende. Wafiwa hawana kosa."

Ratiba zilitoka, marehemu akazikwa kwa heshima. Ila ilipita misimu ya mvua kabla Asimwe hajamwita Kokubelwa "dada" tena. Alimwita "bosi," kwa adabu kabisa, na kila neno hilo lilipotamkwa, Kokubelwa aliinamisha macho.

Kokubelwa ndiye aliyeuanzisha msemo huu. Akimwona mtu amekunja uso anatafuta wa kumlaumu, alimshika mkono na kumwambia polepole: ndugu yangu, anza ukutani, ndipo uingie tumboni.