Kidude cha Bi Nassra

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ukingo umefumuka na katikati umetoboka, na mwenye nyumba huuficha wageni wakija. Lakini ndio uliompa usingizi miaka yote. Msala, yaani mkeka wa kusalia, unaopita mlangoni ni mzuri na unanukia ukindu mpya, ila una mwenyewe na una safari zake. Wahenga waliotukataza kuuacha mmoja kwa kuufuata mwengine hawakuvichukia vitu vipya, hata kidogo. Waliwahurumia tu wenye pupa. Na kama kuna aliyestahiki huruma hiyo, basi ni Bi Nassra, mpambaji wa maharusi wa Jang'ombe.

Bi Nassra alikuwa fundi wa hina asiye na mfano mtaani kwake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini kichwa chake kilivuja kama pakacha. Siku za ujana wake aliwahi kuwakubalia maharusi wawili usiku mmoja, akaishia kununiwa na koo mbili kwa pamoja. Hapo mumewe Mmanga, aliyekuwa akifanya kazi melini, alimletea kutoka Dubai kompyuta ndogo ya kiganjani yenye kalamu yake, ya kuwekea miadi. Jina lake la kizungu hakuna aliyelishika. Nyumbani kiliitwa kidude tu.

Mmanga hakukitoa hivi hivi. Alikaa nacho siku nzima, akaisogeza saa yake mbele kwa saa sita. Kikisema saa mbili, ni saa mbili yetu, na tarehe inageuka magharibi inapoingia.

"Siku yetu inaanza jua likizama," alimwambia mkewe, "na ya kidude chako nayo itaanza papo hapo."

Kwa hiyo hina ya usiku wa kuamkia Ijumaa ilikaa penye Ijumaa, kama wanavyohesabu wazee wetu, na Bi Nassra hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Zaidi ya hayo, Mmanga alikitega kilie mara mbili: alasiri, ili hina ipate kuroweshwa, na tena saa yenyewe ya kazi ikifika. Kila kilipolia, Bi Nassra aliitika "Naam!" kutoka jikoni, kama aliyeitwa na mumewe. Mmanga alipofariki, mjane wake hakuiacha ada hiyo. Mwito ule ndio uliobakia wa sauti yake.

Miaka ikapita, kidude kikazeeka. Kioo kilichubuka na kugeuka rangi ya hina, kalamu ilipotea, na Bi Nassra akawa anakigonga kwa kijiti cha ufagio. Maharusi wa siku hizi wakikiona walikonyezana, naye akaanza kukificha chini ya mtandio. Hayo yalimfika binti yake wa pekee, Shemsa, aliyeolewa Chukwani. Siku moja akaja na simu mpya ndani ya kiboksi chake.

"Mama, hicho unakigonga kwa kijiti kama unayechokoa meno! Nshakwambia ukitupe."

"Kinanifaa, mwanangu."

"Mpaka lini? Siku kikizima, miadi yako yote imekwenda na maji. Humu nnakuhamishia kila kitu, na michoro ya hina ya Oman na Bara Hindi utaiona hapo hapo."

Shemsa hakuwa na baya. Alimpenda mama yake, na alilolisema lilikuwa na maana. Tena yeye mwenyewe alibadilisha simu kama wengine wanavyobadilisha kanga za Idi. Bi Nassra aliitazama simu inayong'aa, akawakumbuka wale wasichana waliokonyezana, akaona haya. Akakubali.

Shemsa akaanza kuhamisha. Alipofika kwenye miadi ya Maryam, bibi harusi wa Paje, kidude kilisema Ijumaa, saa mbili. Hina haipakwi asubuhi, basi akaandika kwenye simu Ijumaa, saa mbili za usiku. Simu ile haikujua kwamba siku huanza magharibi. Shemsa alijua, kama anavyojua kila mtoto wa Unguja, lakini haraka ya vidole vyake ilimtangulia.

"Haya, sasa kitupe."

Bi Nassra alikizungushia kanga, akakilaza ndani ya sanduku. Kukitupa moyo haukumpa.

Maryam huyo hakuwa bibi harusi wa kukosewa. Mama yake, Bi Thuwaiba, alikuwa mkulima wa mwani, na Mmanga alipofariki aliuacha mwani wake ufuoni, akaja mjini kukaa na mfiwa mpaka hitima ikasomwa. Siku ya kuagana Bi Nassra alimshika mikono. "Maryam akiolewa," alimwahidi, "hina yake ni yangu, na hatompaka mtu mwengine."

Ilipofika Alhamisi, Bi Nassra alikuwa amejinyoosha, akiamini kwamba kazi ni kesho. Shemsa alikuja kumtembelea. Simu mpya ilikuwa imelala juu ya meza, imekwisha chaji tangu asubuhi bila ya mwenyewe kutambua. Alasiri ilipoingia, mlio ukasikika kutoka sandukuni.

"Naam!" Bi Nassra aliitika kabla hajafikiri.

Shemsa akacheka. "Mama, bado kinakutawala?"

Bi Nassra alikifungua kwenye kanga, akasoma: Maryam, Paje.

"Hiyo ya kesho, Mama. Nshaiweka kwenye simu."

Bi Nassra alikaa kitako kitandani. "Shemsa, marehemu baba'ko alikitega kihesabu siku kuanzia magharibi. Ijumaa ya humu inaingia leo, jua likizama."

Shemsa alinywea. Akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Bi Thuwaiba.

"Mama'ko yuko wapi?" aliuliza Bi Thuwaiba kutoka Paje. "Nampigia tangu adhuhuri, hapatikani! Nikaha kesho baada ya sala ya Ijumaa. Mwanangu kakaa mkekani, kila anayetaka kumpaka anamkatalia. Analia tu."

Mpaka hina na ndimu zikapatikana, magharibi ilikuwa imeshaingia. Shemsa aliwasha gari, na Bi Nassra akapanda na bakuli mapajani, akiikanda hina kwa ndimu na maji ya chai njia nzima. Machozi yalimtoka, na mikono ilikuwa na kazi, hakuweza kuyafuta.

"Kosa langu, Mama," alisema Shemsa.

"Letu sote. Wewe ulifanya haraka, mimi niliona haya. Nimekionea haya kitu alichonitengenezea baba'ko kwa mapenzi yake! Ningemtazama Thuwaiba kwa macho gani?"

Walifika Paje watu wakitoka kusali isha. Bi Thuwaiba alimpokea mlangoni, akamkumbatia kabla hajaomba radhi.

"Nilimwambia Maryam, Nassra hasahau," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Bi Nassra kuliko lawama yoyote. Aliingia ndani, akakaa mbele ya Maryam aliyevimba macho, akakiweka kidude wazi juu ya mkeka, mbele ya wanawake wote, akauchukua mkono wa kulia wa bibi harusi. Nukta ya kwanza ya hina ilipogusa kiganja, vigelegele vikapasuka. Na katikati ya vigelegele, kidude kikalia. Saa mbili imefika.

Bi Nassra alifungua kinywa aitike, lakini binti yake alimuwahi. Shemsa, aliyekuwa amepiga magoti kando na bakuli la hina, akainama juu ya kile kioo kilichochubuka.

"Naam, Baba," alisema.

Simu mpya haikutupwa. Hadi leo Bi Nassra huitazamia michoro ya hina, naye huifurahia. Lakini miadi ya watu imerudi kwenye kidude, kijiti cha ufagio kando yake, na betri zake ananunua Shemsa mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu bila ya kusita: usiache mbachao kwa msala upitao.