Ukurasa Uliowaamkia Wazee

Wapendwa, leo nataka kuwaeleza habari za dada mmoja ambaye kazi yake wengi wetu hatujui hata kama ni kazi. Ninyi mnaochungulia simu chini ya kitabu cha nyimbo, na hapo nyuma namwona mmoja, je, mmewahi kufikiri kwamba kila kitufe mnachogusa kuna mtu aliyekaa kitako akaamua kikae wapi, kiwe na rangi gani na kiandikwe nini? Basi dada huyo ndiye mtu wa namna hiyo. Alikuwa mbunifu wa kurasa za simu, na alikuwa hodari.

Alianza chini kabisa. Alichora mabango ya saluni na maduka ya dawa, akajifunza kompyuta kwa taabu, mwishowe ofisi moja ikamchukua. Siku zake za kwanza pale, baba mmoja aliletwa kujaribu ukurasa alioutengeneza. Baba wa watu akahangaika, akagusa huku, akagusa kule, hakuona pa kupitia. Dada akacheka. Mkuu wake wa kazi akamvuta pembeni, akamwambia, "Akikosea yeye, umekosea wewe. Kaa, funga mdomo, tazama kidole chake."

Maneno yale yalimwingia. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kumcheka mtu. Kabla ya kuwasha kompyuta alikata vitufe vya karatasi ya manila, akavipanga mezani, akavisogeza hivi na hivi kutwa nzima. Kisha aliwatafuta watu wa kweli, akakaa kando yao na daftari na saa, bila kuwaelekeza lolote, akiandika ni wapi kidole kimesita na ni sekunde ngapi zimepita. Nawaambia ukweli, laiti sisi wahubiri tungewachunguza wasikilizaji wetu hivyo, mahubiri yangekuwa mafupi zaidi.

Katika kazi hiyo alijiwekea kanuni moja aliyoishika kama kiapo. Kanuni yenyewe ni kwamba mtu usimuulize jambo moja mara mbili. Kila swali unaloongeza linamchosha mtu, na mtu akichoka anaiacha simu. Hiyo ni kanuni nzuri, na wenye kazi hiyo watakuambia hivyo hivyo.

Sasa hospitali moja ikamwita. Ilikuwa na wazee wenye maradhi ya moyo, wanatibiwa, wanapata nafuu, wanarudi nyumbani. Manesi ni wachache, nyumba ni nyingi na ziko mbalimbali. Wakaomba ukurasa mmoja tu kwenye simu, wa kumuuliza kila mzee kila asubuhi anaendeleaje. Atakayebonyeza kitufe chekundu, nesi atampigia mara moja, na ikibidi gari litatumwa. Atakayebonyeza kijani ataachwa apumzike. Eleweni vizuri uzito wa jambo hilo. Uhai wa mtu ulikuwa unapita kwenye vile vitufe.

Dada akaifanya kazi ile kwa moyo wote. Akafikiri, hawa ni wazee, siwezi kuwafanya kama ninaongea na vijana wenzangu. Akaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: "Shikamoo. Habari za asubuhi?" Chini yake akaweka kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nzuri," na kingine chekundu kilichoandikwa "Mbaya." Mzee akishabonyeza, ukurasa unajibu, "Ahsante, siku njema," basi. Wakubwa wa hospitali walipouona waliguswa. Mmoja alisema, "Dada, umewapa wazee wetu heshima." Naye akaona fahari, na haki yake kuona fahari.

Akaenda kliniki kuujaribu, na daftari lake na saa yake. Wa kwanza kuletwa alikuwa fundi seremala mstaafu, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Akapewa simu. Akasoma, akaitikia kwa sauti, "Marahaba," kana kwamba kuna mtu mbele yake, akabonyeza kijani. Sekunde nne. Dada akaandika. Lakini mzee hakuirudisha simu. Aliishika tu, akiitazama.

"Kuna tatizo, baba?"

"Hapana, mwanangu. Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, baba. Umeionaje?"

Mzee akatabasamu. "Nzuri. Nzuri sana."

Alipotoka, nesi mmoja wa siku nyingi, mama mtu mzima, akamsogelea dada. Akasema, "Mwanangu, yule mzee kapanda zile ngazi akisimama mara tatu kutafuta pumzi. Mbona kabonyeza kijani?"

"Labda amepata nafuu baada ya kukaa, mama."

"Hajapata. Mimi nikimuuliza hali, hunijibu nzuri. Ninamwacha akae, namuuliza tena. Mara ya pili ndipo husema. Huwezi kuiambia simu yako iulize tena?"

Dada akamjibu kwa adabu, lakini alikuwa na hakika ya kazi yake. Akasema, "Mama, nikiwauliza mara mbili kila siku watachoka, halafu hawatajibu kabisa. Nimeyaona haya miaka mingi." Nesi akasema sawa, akaenda zake. Nani angebishana na mtu aliyekuja na saa na daftari?

Kazi ikaanza. Kila asubuhi manesi walifungua kompyuta yao wakakuta kijani tupu, kutoka juu hadi chini. Wazee wote hawajambo. Hospitali ikafurahi, dada akaalikwa kwenye semina kuwaeleza wenzake namna alivyofanya. Aliwaonyesha zile sekunde nne, wakapiga makofi.

Mwezi wa tatu nesi yule akampigia simu. "Mwanangu, yule mzee fundi amefariki. Ameanguka mchana, tumemzika jana. Nimeona nikuambie mwenyewe." Kisha akaongeza, "Asubuhi ya siku ile alibonyeza kijani."

Dada akafunga safari kwenda kwa mjane. Nisiwafiche, alikwenda kuhani msiba, lakini moyoni alikuwa na haja nyingine. Aliomba akute kwamba simu iliharibika. Aliomba akute kioo kimepasuka, au mtandao ulikatika, au mjukuu alichezea. Chochote, mradi kosa lisiwe lake. Nasi tungeomba hivyo hivyo.

Alikuta watu wa matanga wamekwisha kuondoka, mama yule yuko peke yake sebuleni, kanga begani. Akamwamkia, akampa pole, akaketi. Mama akamletea chai. Dada akauliza, "Mama, ile simu ilikuwa inamsumbua baba?"

"Hata siku moja. Aliipenda. Kila asubuhi ikimwamkia anaitikia, mimi nacheka."

"Na kifua chake kilikuwaje siku zile za mwisho?"

"Kilikuwa kinambana tangu Jumapili. Alikuwa halali ila ameegemea mto."

Dada akaweka kikombe chini. "Sasa mama, kama kilikuwa kinambana, mbona alibonyeza nzuri?"

Mama akamtazama kwa mshangao, akamjibu taratibu. "Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Mtu amekuamkia kwa heshima, jua hata halijapanda, utamtupia mabaya yako usoni? Unamwambia nzuri kwanza. Akiketi, akakuuliza tena, ndipo unamweleza yanayokusumbua. Baba yako alikuwa akishabonyeza anakaa na simu mkononi mpaka kioo kinazima. Mimi namwambia, weka hiyo simu unywe uji. Ananiambia, ngoja kidogo, hawajaniuliza vizuri."

Wapendwa, yule dada alilia. Alilia kwa sababu hakuwa mgeni wa nchi hii. Yeye mwenyewe hakuwahi kujibu "mbaya" alipoulizwa habari za asubuhi, hata siku aliyofiwa na mama yake mzazi. Desturi ile aliijua tangu anajifunza kusema. Aliijua kila mahali isipokuwa kazini kwake. Ile heshima aliyoiandika kwa herufi kubwa ndiyo iliyomfunga mzee mdomo, na ile kanuni yake ndiyo iliyomwondoa yeye dada mlangoni kabla mzee hajafunguka. Alikitazama kidole miaka yote ile, na kidole hakikusita. Kilichosita ni mtu mwenyewe, na hilo hakuliandika.

Na mjane, jamani, akawa yeye ndiye anayembembeleza. "Usilie, mwanangu. Siku zake zilifika. Kazi yako ni nzuri."

Dada akafuta machozi, akaaga. Akavaa viatu vyake, akaweka mkoba begani. Pale mlangoni, kama sote tunavyofanya kwa mazoea, akasema, "Na wewe mama, unaendeleaje?"

"Sijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Nawauliza, ninyi mngefanya nini? Mmefika msibani, mmetoa pole, mmekunywa chai, mfiwa mwenyewe kasema hajambo na kamshukuru Mungu juu yake. Si mngeondoka? Gari linangoja, kazi zinangoja, jua linakwenda. Mimi ningeondoka.

Dada alisimama kizingitini. Kisha akavua viatu, akarudi ndani, akaushusha mkoba sakafuni, akaketi mkekani karibu na yule mama. Akakaa naye kwanza, bila haraka. Halafu dada akamuuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, "Mama, unaendeleaje?"

Mama akatazama mikono yake. Akasema, "Mkono huu wa kushoto umekufa ganzi tangu jana. Na kifua kama kuna mtu amekikalia. Sikutaka kuwasumbua watu, wamechoka na msiba."

Dakika zile zile dada alimpigia nesi, na gari likaja. Daktari aliyempokea yule mama alisema kwamba angelala nyumbani siku ile, watu wa matanga wangerudi kuweka turubai upya. Akatibiwa, akapona. Nao ukurasa ule dada aliubadilisha wiki ile ile. Sasa ulimwamkia mzee, ukapokea "nzuri" yake, ukatulia kidogo, kisha ukamuuliza tena: kifua kinakubana? Umelala vizuri? Unapumua bila shida? Asubuhi ya kwanza manesi walikuta nyekundu tisa. Tisa, ndugu zangu, na wote tisa jana yake walikuwa kijani.

Sasa tuache simu. Tuje kwetu sisi.

Leo asubuhi tumesalimiana pale mlangoni. Tumeshikana mikono, tumesema Bwana asifiwe, tumejibiwa amina. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Tukapita tukaketi. Umekusanya kijani ngapi mpaka ukafika kwenye benchi lako? Na wewe mwenyewe umetoa ngapi, hali moyoni mwako unajua kabisa kuna nini? Humu ndani yuko aliyefiwa na hajalia bado. Yuko ambaye ndoa yake imebaki na kuta tu. Yuko aliyeambiwa jambo na daktari juzi, na hajamwambia mtu yeyote. Wote hao wamesema nzuri. Hawakusema uongo. Wamelelewa, wametuheshimu, na baada ya kutuheshimu wanangoja.

Nami nisijitoe. Mwaka jana nilisimama kwenye geti la mzee mmoja wa kanisa hili, injini inanguruma, nikamuuliza habari za hapa. Akasema nzuri, mchungaji. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba nimemtembelea. Juma lililofuata nilimwombea akiwa ndani ya jeneza. Simtaji jina, wengi wenu mnamjua. Ninachokumbuka ni kwamba nilipoondoa gari, alikuwa bado ameshika geti.

Tunasema hatukujua. Tutasimama mbele za Mungu na orodha zetu za kijani na kusema, Bwana, nilimuuliza. Nilimuuliza kila Jumapili. Hapo ndipo naogopa, maana Yeye hachoki kutuuliza sisi, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka tunakubali kusema. Ni kwa nini sisi tunaona swali la pili ni kazi kubwa?

Baada ya baraka leo, nawaomba msikimbilie mlango. Geuka kwa aliye kando yako, umwamkie ipasavyo, umuulize hali yake. Atakujibu nzuri, kwa sababu amefunzwa adabu. Usichukue mkoba wako. Keti.